Beli wa Chini ya Kiti

Zamani za riksho ya kukanyaga kama baiskeli, Hafizar alikuwa mwembamba hata akisimama nyuma ya nguzo ya simu ulikuwa humwoni. Siku aliponunua bajaji ya umeme, miguu yake ilistaafu na tumbo likaanza kazi. Hilo la kwanza. La pili ni kwamba hakuwa mtu wa kukaa na kitu bila kukipenda. Alipoiuza ile riksho ya zamani alimfuata mnunuzi mpaka kona, akimsihi asiioshe kwa maji baridi asubuhi asubuhi, itapata mafua.

Mimi nauza chai na vitumbua vya mvuke hapa mjini Gaibandha, njia ya kwenda stesheni, mkabala wa gereji ya Nirmal. Kila jioni bajaji zinaingia humo na kujipanga kama ng'ombe zizini, zinachomekewa nyaya, na zinanguruma taratibu mpaka alfajiri. Kwa hiyo madereva wote nawajua, nani hulipa chai, nani husema atalipa, na nani hulia akitoboa tairi. Hafizar alikuwa akilipa, na akilia pia.

Bajaji ya umeme inabeba betri tano chini ya kiti cha abiria. Nirmal aliwaambia madereva waziandike namba, moja mpaka tano, ili ikiugua mojawapo ajue ni ipi. Wote wakaandika kwa chaki. Hafizar akakataa.

"Kaka Nirmal, namba wanapewa wafungwa."

"Basi ziandike unavyotaka, bora nizitofautishe."

Akaenda kununua rangi. Akachora maua, ua moja kwa kila betri, na chini yake jina: Golapi, Shefali, Chompa, Beli, Jui. Yote ni maua, na kwetu yote ni majina ya wanawake, ukiita "Shefali!" sokoni wanageuka wanne. Nirmal alipoona alikuna kichwa kwa bisibisi.

"Sasa huu ni mtambo au bweni la wasichana?"

"Wewe pima tu."

Kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, Hafizar alikuwa ananyanyua kile kiti, anafungua vizibo kimoja kimoja, anamulika ndani kwa tochi. Nikiwa na birika langu ng'ambo ya pili namsikia. "Golapi mama, umelalaje? Chompa, mbona umenuna?" Kichwani mwa betri huwa panaota ukungu mweupe kama unga, na yeye alikuwa anausugua kwa magadi na mswaki, anakausha, kisha anapaka mafuta mazito ya mgando ili usirudi. Magadi na mafuta aliyatoa wapi? Subirini. Akimaliza anawafunika kwa kitambaa cha kijani, anakipapasa, anashusha kiti.

Kati ya watano, alimpenda zaidi Beli. Kisa ni kwamba Beli alikuwa dhaifu tangu mwanzo, na Hafizar alikuwa na huruma ya kupitiliza. Wenzake wakipewa maji kidogo, Beli alipewa na nyongeza jioni kabla ya kuchomekewa waya. Wenzake wakiambiwa hujambo, Beli aliimbiwa.

Basi ikafika Jumatano moja ya joto. Hafizar amepakia wanawake wawili wenye vyakula vya harusi, mzee mmoja, na mbuzi wa yule mzee. Wakapanda daraja la mto Ghaghat. Katikati ya mlima bajaji ikaanza kupumua kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Ikapunguza. Ikasimama. Kisha, mbele ya macho ya watu, ikaanza kurudi nyuma.

"Breki, Hafizar, breki!" mzee akapiga kelele.

"Nimekanyaga!"

"Basi kanyaga na nyingine!"

Ikabidi wote washuke wasukume. Mbuzi peke yake alibaki kitini, anatazama mto. Watu wa pikipiki walipita wakiuliza, "Mheshimiwa anapelekwa wapi?" Hafizar alifika upande wa pili amelowa jasho na aibu.

Adhuhuri akaenda nyumbani kula. Mkewe, Morzina, alikuwa jikoni anakaanga vitunguu vya kutia kwenye dengu. Hafizar akazunguka nyuma ya jiko, pale mtandao wa simu unapopatikana vizuri, akampigia Nirmal. Morzina akasikia maneno ya upande mmoja, nami nitayaeleza kama alivyonieleza yeye.

"Kaka Nirmal, Beli amenitia aibu leo. Mbele za watu, kaka! ... Katikati ya daraja. Akalegea tu, basi. ... Asubuhi nilimfungua, nikamtazama vizuri, nikampa maji. Akanywa, nikamwongeza, mpaka yakamtoka. ... Golapi? Aa, Golapi hana neno, yule bado mbichi, ukimgusa vibaya anakurusha."

Morzina ameshika upawa hewani, mafuta yanadondoka.

"Nimwache? Nimwache Beli? Kaka, sisi tumetoka mbali. Nitamwacha vipi? ... Haya, haya, nitawaleta wote watano uwapime. Si ndiyo maana nakulipa kila siku walale kwako?"

Upawa ukaanguka ndani ya dengu.

Hafizar alirudi, akala wali wake, akasema dengu zimezidi chumvi, akaondoka. Hakujua kwamba ile chumvi ilikuwa machozi.

Baada ya muda mfupi Morzina alikuwa kwenye benchi langu, sari imefungwa upande, nywele zimechanwa nusu.

"Dada Jahanara, niambie ukweli. Beli ni nani?"

Nikacheka. Hilo lilikuwa kosa. "Beli? Beli ni betri, mdogo wangu."

"Betri."

"Betri. Iko chini ya kiti, na Golapi na Shefali na wenzao."

Akanitazama kama unavyomtazama muuza samaki anayekwambia samaki huyu kavuliwa leo. "Dada, mimi nimekuheshimu miaka yote hii. Wewe unakaa hapa, unaona wanaoingia na kutoka, na unamfichia?"

"Simfichii! Walahi, ni betri! Mumeo amewapa majina!"

"Mume wangu aite betri Beli? Ng'ombe wetu hakumpa jina. Ng'ombe! Anatoa maziwa! Halafu leo aipe jina betri?" Akahesabu kwa vidole. "Mafuta yangu ya kupaka yanaisha kila wiki, nasema labda panya. Magadi yangu yamekwisha, nasema labda nimesahau. Sari yangu ya Idi, ile ya kijani, haionekani. Panya anavaa sari, dada?"

Hapo nikanyamaza, maana kusema kweli lile la sari sikuwa nikilijua. Yeye akaona kunyamaza kwangu ndiyo jibu. Akatoa simu akampigia kaka yake, akaenda kumpokea njiani.

Kaka yake ni Tozammel, muuza samaki, mtu mpana, ana masharubu yanayofika kabla yake. Simu ilimkuta anampimia mteja samaki mkubwa aina ya rui. Aliposikia dada yake analia hakungoja, akaruka juu ya baiskeli na aproni yake, na yule rui bado mkononi. Mteja akamfuata kwa miguu akidai samaki wake. Ndivyo walivyotokea barabarani: Morzina mbele, Tozammel akikanyaga baiskeli, usukani kwa mkono mmoja na samaki juu kama rungu, na nyuma yao bwana mmoja mwenye miwani anahema, "Kaka, nimeshalipa! Kaka!"

Mimi nikazima jiko. Chai inaweza kusubiri.

Wakati huo Hafizar alikuwa ameshafika, ameketi kwenye ndoo mlangoni mwa gereji, kwa huzuni, akimngoja Nirmal amalize na dereva mwingine. Alipomwona shemeji yake akasimama kwa adabu.

"Assalamu alaikum, shemeji. Samaki wa nini tena, usingejisumbua—"

"Wa alaikum salamu. Kaa kimya." Tozammel akamwelekezea rui puani. "Nakuuliza swali moja tu na unijibu kama mwanamume. Unamjua Beli?"

"Namjua," akasema Hafizar, na machozi yakamlengalenga. "Shemeji, habari zimekufikia hata wewe?"

"Hakatai!" Morzina akapiga ukelele. "Mmesikia? Hata hakatai!"

"Beli ni wa ngapi?" Tozammel akauliza.

"Wa nne."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Nilisikia mmoja akisema "wa nne!" kwa sauti ya heshima kidogo.

"Kwa hiyo jumla unao wangapi?"

"Watano, shemeji. Bila watano haiendi."

"Haiendi nini?"

"Haiendi popote. Wanne hawatoshi, nguvu inakuwa ndogo."

Tozammel alimgeukia dada yake kana kwamba anaomba ruhusa ya kuua. Morzina akajifunika uso. Yule bwana mwenye miwani alikuwa amefika, akasahau samaki wake, akauliza, "Na wanakaa wapi, wote watano?"

"Mchana nakaa nao mimi, chini ya kiti cha abiria. Usiku wanalala kwa kaka Nirmal."

Pale ndipo Tozammel aliposhusha samaki. Si kwamba alielewa. Alichanganyikiwa. "Chini ya kiti," akarudia. "Watano. Ni wadogo kiasi gani?"

Nikaona sasa mtu ataumia na rui ataharibika. Nikavuka barabara, nikamshika Morzina mkono, nikamvuta mpaka kwenye bajaji, nikanyanyua kiti.

Juu kabisa palikuwa na sari ya kijani.

Morzina aliichukua kwa ncha za vidole, akaikunjua. Ilikuwa na matundu kila mahali, kama iliyopigwa risasi. Tindikali ya betri haina huruma na nguo ya Idi. Chini yake walikuwa wamekaa wale mabibi watano, safi, vichwa vinang'aa kwa mafuta, kila mmoja na ua lake. Pembeni kopo la mafuta ya kupaka, karibu tupu, na mfuko wa magadi wenye fundo ambalo Morzina alilifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Tozammel akainama, akasoma polepole. "Go-la-pi. She-fa-li." Akainuka, masharubu yanacheza. "Dada. Ni betri."

"Nilisema!" nikasema mimi.

Ungedhani Morzina angefurahi. Hapana. Alimgeukia Hafizar taratibu, na nikwambie, Hafizar alirudi nyuma zaidi ya alivyorudi kwa samaki.

"Ingekuwa mwanamke," Morzina akasema, "ningeelewa."

"Mke wangu—"

"Mwanamke ana pua, ana macho, atasema asante. Wewe umechukua sari yangu ukamvika betri! Mafuta yangu ukampaka betri! Mimi mikono imepasuka kama udongo wa kiangazi, Golapi anang'aa! Na maji? Unawanunulia maji gani?"

"Ya chupa," akasema Hafizar kwa sauti ndogo. "Yale safi kabisa. Ya pampu yana chuma, yanawadhuru."

"Na mimi nakunywa ya wapi?"

Wote pale tunakunywa ya pampu.

Nirmal ndiye aliyetuokoa. Alitoka ndani akijifuta mikono, mtu mkavu, mpole, mwenye tambuu shavuni kila wakati, akasema, "Shemeji Morzina, mkitaka kugombana sogeeni pembeni, mimi nina kazi. Mgonjwa ni nani? Beli?"

Akaweka kigoda chini, akakaa na vyombo vyake. Kile kimoja nakipenda kukitazama: bomba la kioo lenye mpira wa kubinya juu, na ndani yake boya dogo. Unabinya, unachovya kwenye tundu la betri, unaachia, linanyonya maji ya ndani. Yakiwa na tindikali ya kutosha, boya linaelea juu. Yakiwa yamechuja, linazama. Kila mmoja akasogea. Hata bwana wa miwani akasogea.

Golapi akapimwa, boya likaruka juu. "Mzima," Nirmal akasema. Shefali, mzima. Chompa, mzima, anahitaji tone la maji. Jui, mzima. Watu wakaanza kushangilia kama wako mpirani.

Akaja kwa Beli. Tundu la kwanza, boya likaenda nusu. La pili, hivyo hivyo. La tatu, boya likashuka mpaka chini, tuli, kama jiwe kisimani. Watu wakasema "Ooo."

Kisha Nirmal akachukua kile kipimo kingine chenye miguu miwili na waya mnene, kinachoifanya betri ifanye kazi kidogo uone itavumilia au la. Akamwekea Golapi, mshale ukatikisika ukasimama imara. Akamwekea Beli. Mshale ukaanguka kama mtu aliyezimia.

"Amekufa," Nirmal akasema. "Na kwa kuwa wameungwa mkono kwa mkono, wanne wazima wanamburuta yeye. Ndiyo maana daraja limekushinda."

"Kauawa na nini?" Hafizar akauliza.

Nirmal akatema tambuu pembeni. "Na mapenzi yako. Unampa maji jioni kabla ya chaji, unajaza mpaka shingoni. Akichajiwa anachemka, yanafurika, tindikali inamwagika nje. Asubuhi unaona yamepungua, unamjaza tena. Mwisho amebaki na maji matupu. Nimekwambia mara ngapi? Maji baada ya chaji, na kidogo, yafunike sahani za ndani tu."

Hafizar akaketi chini, pale pale kwenye vumbi, akaweka mkono juu ya Beli. "Nilidhani ana kiu."

Nikaona uso wa Morzina ukibadilika. Alibaki ameshika ile sari yenye matundu, akamtazama mumewe, akatazama betri. Akasema, si kwa ukali sana, "Mpime tena. Labda ulikosea."

"Shemeji, sikukosea."

"Mpime tena, hasara gani?"

Nirmal akapima tena. Boya likazama tena. Morzina akashusha pumzi.

"Basi," Tozammel akasema, akijaribu kuokoa safari yake, kwa maana mtu hatoki sokoni na samaki bila kufanya lolote. "Kwa kuwa mimi nimeshafika, na mashahidi wapo, amwache. Hapa hapa. Aseme."

"Shemeji, ni betri!"

"Mchana ulisema huwezi kumwacha. Dada yangu amesikia. Sema."

Watu wakaitikia: "Sema! Sema!" Hafizar akamtazama mkewe kuomba msaada. Morzina akakunja mikono. Ikabidi. Alisimama, akajipangusa, akasema, "Beli, nimekuacha," na aliposema akalia kabisa, na yule mzee wa mbuzi, ambaye sijui alifika lini, akalia naye. Bwana wa miwani akatumia nafasi hiyo kuchukua samaki wake mkononi mwa Tozammel na kwenda zake.

Kesho yake mke na mume walikwenda pamoja kumtafutia Beli mrithi. Hafizar alitaka mpya kabisa, inayong'aa, lakini Nirmal alimkataza: betri mpya ukiifunga na zile za zamani, za zamani zitaiangusha ndani ya miezi michache. Akamtafutia moja ya umri ule ule, aliyoitoa kwa dereva aliyehamia Rangpur. Ilipimwa mbele ya Morzina. Boya likaelea. Morzina mwenyewe akalibinya bomba mara ya pili, kwa kujiridhisha, tone likadondoka likatoboa ncha ya sari aliyokuwa amevaa. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Sasa jina," Hafizar akasema, brashi mkononi, macho yameanza kurudiwa na uhai. "Nafikiri Madhobi."

"Hakuna Madhobi," Morzina akasema.

"Keya?"

"Hakuna Keya. Lete hiyo brashi."

Akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, bila ua: SOKHINA.

Hafizar akaganda. Sokhina ni mama yake Morzina, mama mkwe wake, mwanamke aliyewahi kumfukuza mkusanya kodi kwa ufagio. Hafizar mbele yake huwa hakohoi.

"Mke wangu, hii... hii si heshima."

"Ndiyo heshima yenyewe. Huyu hutamjaza maji mpaka shingoni. Hutamwimbia. Na mafuta yangu hutampaka."

Na kweli. Tangu siku ile namwona asubuhi: anawasalimia Golapi na wengine kwa utani wake, lakini akifika kwa wa nne anavuta shati, anasafisha koo, anasema, "Assalamu alaikum, mama," anafungua vizibo bila kumtazama sana, anatia tone moja la maji, anafunga, anarudi kinyumenyume. Mafuta ya vichwa vya betri sasa ananunua kwa Nirmal, kopo zima la kwake. Bajaji inapanda daraja na abiria wanne wakipiga soga, na hakuna anayejua nani anawabeba.

Habari zilimfikia mwenye jina baada ya wiki mbili. Tuliogopa. Mama Sokhina akaja kutoka kijijini na mwavuli wake, akashuka mbele ya benchi langu, akakataa chai, akasema, "Yuko wapi?" Hafizar akadhani anaulizwa yeye, akajitokeza.

"Si wewe. Mimi."

Hafizar akanyanyua kiti. Bibi akainama, akajitazama kwa muda mrefu. Akagonga ile betri kwa kidole mara moja, kama anayejaribu chungu dukani.

"Ina nguvu kuliko hizo nyingine?"

"Nguvu kuliko zote, mama," Hafizar akasema upesi. Nirmal, mlangoni, alitazama juu kwenye mabati.

"Nilijua." Kiti kikashushwa, akapanda, akaketi juu yake, akapanga sari, akafungua mwavuli ndani ya bajaji. "Nipeleke mpaka stesheni na kurudi. Na hii yenye jina langu, mbona umeiweka upande wa jua?"

Hafizar, aliyekuwa ameshashika usukani, akashuka, akamshusha mama mkwe kwa adabu, akatoa spana, akaanza kufungua nyaya amhamishie Sokhina kivulini.